Budapest na Muziki wa Mzee Kurtág

Chumba nilichopanga mjini Budapest kilikuwa ghorofa ya nne, katika jengo la zamani lisilo na lifti, na bei yake ya usiku mmoja ingenilaza wiki nzima katika nyumba ya wageni ya heshima kule Morogoro. Nilikubali gharama hiyo kwa sababu kilikuwa karibu na Mtaa wa Mátyás, lilipo jengo la muziki liitwalo Budapest Music Center, ambamo mtunzi György Kurtág na mkewe Márta walihamia mwaka 2015 baada ya kuishi miaka mingi Ufaransa.

Kubisha hodi haikuwa nia yangu. Mzee aliyezaliwa mwaka 1926 hafuatwi nyumbani kwake na mgeni asiyetangulizwa na mtu, huko kama kwetu. Nilitaka kuuona mji ambao kijana huyo wa Lugoj, Romania, aliujia baada ya vita akitumaini kwamba Béla Bartók, mtunzi mashuhuri wa Hungaria, angerejea kutoka Marekani kuja kufundisha. Bartók akafia New York Septemba 1945, wakati huo huo Kurtág na rafiki yake mpya, György Ligeti, ambaye naye alikuja kuwa mtunzi mashuhuri, wakitafuta nafasi katika Chuo cha Muziki cha Liszt. Ligeti aliikimbia nchi baada ya maasi ya Wahungaria ya mwaka 1956 dhidi ya utawala wa Kisovieti. Kurtág alikwenda Paris kusoma, akarudi, na baadaye akafundisha miaka mingi katika chuo hicho hicho. Kuhusu Mto Danube, madaraja yake na mabafu ya maji moto, ambayo kiingilio chake ni ghali mno, wengine wameshaandika vya kutosha.

Mwenye chumba alikuwa bibi mstaafu aliyewahi kufundisha piano. Jioni moja, aliposikia kwamba mimi ni mwalimu wa kwaya ya kanisa, aliniuliza kama ninasoma nota. Nilimjibu kwa kumwimbia do, re, mi, naye papo hapo akaanza kunionyesha kila sauti kwa ishara ya mkono, ngumi kwa do, kiganja kilicholala kwa mi, na mimi nikamfuata hadi do ya juu. Alifurahi kama aliyekutana na ndugu, na kwa kweli undugu upo: sol-fa ya John Curwen wa Uingereza, yaani kuimba kwa do, re, mi, ambayo wamisionari walituletea sisi, ndiyo mtunzi Zoltán Kodály na wenzake waliyoitengeneza upya kwa ajili ya shule za Hungaria.

Ndipo akafunua piano yake ya kusimama, akaniwekea mbele kitabu cha kwanza cha Játékok, yaani Michezo, mkusanyiko wa vipande ambao Kurtág aliuanza mwaka 1973. Sijawahi kuona nota za namna ile. Palikuwa na madoa makubwa meusi yanayomwambia mpigaji atumie kiganja kizima, na mistari inayomwagiza autelezeshe mkono juu ya vibonye. Bibi aliinua mikono yote miwili, akaishusha kwa viganja, chini, katikati na juu, na nikautambua mara moja mwanzo wa konseto ya kwanza ya Tchaikovsky, kazi yake ya piano na okestra, ingawa hakuna akordi hata moja iliyopigwa kwa vidole. Kisha akageukia kipande kinachosema kwamba binadamu ni ua, chenye sauti chache mno. Alinitaka nikipige mimi. Sauti ya kwanza peke yake ilichukua sehemu kubwa ya jioni ile, kwa kuwa kila nilipoibonyeza aliushika mkono wangu, akautikisa mpaka kifundo kilegee, akasema bado sijaisikiliza hadi ilipoishia.

Nilipomwambia kwamba ni kazi kubwa kwa muziki mfupi hivyo, alinisimulia habari za Paris. Mwaka 1957 Kurtág alifika huko akiwa amekwama kabisa, asiweze kutunga, na mwanasaikolojia Marianne Stein akamshauri aanze na jambo dogo: kuunganisha sauti mbili. Kutokana na hapo ikapatikana kazi ya ala nne za nyuzi ya mwaka 1959, ambayo aliipa namba moja katika orodha ya kazi zake ingawa alikuwa ameshavuka miaka 30. Opera ya kwanza ya mtu huyo huyo, *Fin de partie*, ilionyeshwa katika jumba la opera la La Scala, Milano, tarehe 15 Novemba 2018, yeye akiwa na miaka 92. Márta alifariki mwaka uliofuata.

Usiku ulipoingia, bibi alikanyaga pedali ya kati, ile inayoshusha kitambaa kati ya nyundo na nyuzi, ili majirani wasilalamike. Akaniambia kwamba Kurtág na Márta walipiga hivyo hata mbele ya hadhira, wameketi bega kwa bega kwenye piano ya kusimama, wakichanganya Michezo na nyimbo za Bach.

Kurtág ameeleza kwamba wazo la mkusanyiko huo alilipata kwa watoto, ambao kwao piano bado ni kitu cha kuchezea. Kwetu kinanda cha kanisa hufunikwa kitambaa na chumba kikafungwa, na mtoto anayekigusa hufukuzwa. Anaruhusiwa kukigusa siku atakapoweza kupiga wimbo kamili, nami sijui ataujifunzia wapi. Jambo hili linaniuma. Kinanda chetu ni cha umeme na hakiwezi kutoa mlio ule wa nyuzi zinazoitikiana, lakini viganja kinavipokea.

Kitabu cha kwanza nilikinunua kwa bei iliyonifanya nile mkate mtupu siku mbili. Vingine niliviacha dukani. Nimeshaiandikia kamati ya kanisa nikiomba nikabidhiwe ufunguo kila Jumamosi asubuhi, na majina ya watoto 11 nimeyaambatanisha.