Kuchuma porini, mmea mmoja mmoja

Watu wakisikia kwamba huwa nachuma mboga na matunda ya porini, swali lao la kwanza huwa lile lile: unajuaje kwamba huu unalika na ule una sumu? Wanatarajia niwape kanuni moja ya jumla ambayo wataiweka kichwani na kuingia nayo porini. Kanuni hiyo haipo, na zile zinazopita mdomo kwa mdomo hunitia hofu kuliko mimea yenyewe.

Chukua ile isemayo kwamba tunda linaloliwa na ndege haliwezi kumdhuru mtu. Ndege humeza matunda ya Atropa belladonna, mmea wenye sumu kali, bila taabu yoyote, na wako sungura ambao miili yao ina kimeng'enya cha kuvunjavunja atropini, moja ya sumu zake, ilhali matunda machache ya mmea huo huo yanaweza kumuua mtoto. Ile nyingine, isemayo kwamba utomvu mweupe ni dalili ya sumu, inaukaribia ukweli zaidi, kwa kuwa mnyaa na jamaa zake wengi hutoa utomvu unaochoma ngozi na kuumiza vibaya macho. Lakini mtini na mforosadi nayo hutoa utomvu mweupe, na matunda yake yaliyoiva huliwa bila wasiwasi. Udugu wa mimea nao si dhamana: karoti na giligilani ni za jamii moja na mmea uliomuua mwanafalsafa Socrates mjini Athens mwaka 399 KK.

Ndiyo maana mimi hujifunza mmea mmoja mmoja, nikiutazama tangu ukiwa mche hadi unapokauka, kabla sijathubutu kuutia chunguni. Mnavu unaonyesha vizuri kwa nini subira hiyo inahitajika. Maua yake ni madogo na meupe, yana petali tano zilizopinda kwa nyuma, na katikati huchomoza kidole kifupi cha manjano. Matunda yake, yanayotoshana na njegere, huwa ya kijani yakiwa mabichi, kisha hugeuka meusi yenye zambarau, au rangi ya chungwa kwa aina nyingine. Matunda mabichi yana solanini, ambayo huleta kichefuchefu, maumivu ya tumbo na kuharisha, kwa hiyo hayo huyaacha shinani. Majani siyali mabichi. Huyachemsha na kumwaga maji ya kwanza, ambayo huondoka na sehemu ya uchungu.

Hatari kubwa zaidi iko kwa jirani yake. Mnanaha, yaani Datura stramonium, ni wa jamii moja na mnavu, nao hupenda ardhi ile ile iliyovurugwa: pembezoni mwa mashamba, karibu na mazizi, penye samadi. Ukikomaa hakuna wa kuukosea, kwa maana maua yake ni marefu ya umbo la tarumbeta, tunda lake limejaa miiba, na majani yake yakisuguliwa vidoleni hutoa harufu mbaya. Ukiwa mche, hata hivyo, mkono wenye haraka unaweza kuuchanganya na mboga. Atropini na skopolamini zilizomo hukausha kinywa, hutanua mboni za macho, huuendesha moyo mbio na kumfanya mtu aweweseke, na kuchemsha hakuziondoi. Kwa sababu hiyo sichumi mnavu ambao haujatoa maua, hata majani yake yawe laini kiasi gani.

Mkunazi, kwa upande wake, hauna makuu. Miiba yake mara nyingi hukaa miwili miwili, mmoja umenyooka na mwingine umepinda kama ndoana, na huo uliopinda ndio unaoshika mkono wa shati unapourudisha. Jani lake hung'aa juu, chini lina vinyweleo vyeupe, na mishipa mitatu huanzia kwenye kikonyo. Wengi hupenda kunazi za manjano zenye ukali kidogo. Mimi nazipenda zilizokwisha kuwa kahawia na kukunjamana, ambazo nyama yake imekuwa ya ungaunga.

Kuhusu mchicha pori nina neno moja tu, nalo ni la mahali. Ule ulionawiri kupita kiasi mara nyingi umeota penye mbolea nyingi, na mchicha hufyonza kwa wingi nitrati, chumvi za mbolea ambazo zikizidi humdhuru mlaji. Kuosha huondoa vumbi la barabarani, lakini hakuondoi kilichokwisha kuingia ndani ya jani.

Wapo wanaopendekeza kuonja kidogo na kusubiri. Kwangu hilo halitoshi, kwani baadhi ya aina za mmea uitwao marejea (Crotalaria) zina sumu inayoliharibu ini polepole, bila dalili yoyote siku ya kwanza. Uyoga siugusi kabisa, maana ule hatari kuliko wote huanza kuumiza saa nyingi baada ya mlo, wakati madhara yamekwisha kuingia mwilini.

Mmea nilioutambua kwa uhakika, lakini sijawahi kuula, naupika peke yake bila kuuchanganya na mwingine, nakula kiasi kidogo, na nahifadhi tawi zima lisilopikwa, lenye majani na maua au matunda yake, hadi kesho yake, ili ikibidi kwenda hospitali daktari aone nilichokula.