Aproni badala ya sare

Jana, nikimsubiri fundi cherehani wa Makoroboi afumue upindo wa sketi ya shule ya binti yangu aliyerefuka ghafla, niliwawazia watoto wa Chekoslovakia, nchi ya Ulaya ambayo baadaye iligawanyika kuwa Cheki na Slovakia, kati ya vita kuu mbili za dunia. Sheria ya mwaka 1922 ilieneza hadi Slovakia elimu ya lazima ya miaka 8, iliyowekwa upande wa Wacheki tangu 1869, lakini shule za kawaida hazikudai sare. Wavulana walivaa kaptula na soksi ndefu. Wasichana walifunga aproni juu ya gauni, jambo la busara, kwa kuwa aproni hufulika upesi na wino wa kuchovya haukosi kudondoka. Vijijini, majira ya joto, wengi walitembea pekupeku, kama sisi zamani kule Igoma.