Tena au upya? Haya maneno kwenye rangi sio mamoja

Kuna mtu kaniuliza Kiswahili cha kusema kitu kimepakwa rangi mara nyingine ni kipi, nikamwambia neno moja halipo, tunasema kupaka rangi tena au kupaka rangi upya, na wengi wanayatumia yote kama ni kitu kimoja. Mi naona yanatofautiana sana.

Ukuta wa chumbani kwangu ndo ulionifundisha. Rangi ilianza kubambuka, nikamwambia fundi nataka huu ukuta upakwe rangi tena, basi akachukua rola akapiga mkono mmoja, yani tabaka moja la rangi, juu ya ile ile ya zamani, ukapendeza kweli, ila haikuchukua muda ile ya chini ikaachia ikaondoka na mpya yake, yani ukivuta kipande kinabanduka chote kama gamba la nyoka. Kumuuliza, akasema bosi si ulisema tena? Na kwa kweli hakukosea, alifanya nilichosema.

Tena ni kuongeza mara, basi. Upya ni kurudi mwanzo: unakwangua iliyolegea, unaziba nyufa, unapiga msasa, unafuta vumbi, unaweka praima, ile rangi ya chini ya kushikisha, ndo rangi yenyewe inafuata. Na kama chini kuna rangi ya mafuta halafu juu unataka ya maji, bila msasa haishiki vizuri hata upige mikono mitatu.

Mnara wa Eiffel kule Ufaransa unabeba maneno yote mawili. Tangu ukamilike 1889 umepakwa tena na tena, kila baada ya miaka 7 hivi, na rangi inayoenda ni kama tani 60, lakini palipoliwa na kutu panakwanguliwa kwanza, kwaiyo hapo ni upya pia.

Picha nayo ina neno lake, mchoraji anaichora upya, haipaki. Na ukisema "nipakie hii rangi" angalia unamwambia nani, manake wa gari anaweza kuibeba ndoo akaipandisha nyuma!

Halafu kuna kurudia, nalipenda hili neno. Siku hizi kabla ndoo haijafunguliwa nasema kabisa, kwangua kwanza ndo upake upya, na mwishoni nikiona pale juu ya dirisha pameruka namwambia rudia hapo, anapita na brashi hapo hapo tu.