Kelele za gitaa zizimwe kabla ya geini

Anayerekodi dansi au benga kwa gitaa lenye sauti safi anaweza kupiga kwa miaka bila kuujali mvumo uliomo ndani ya gitaa lake, kwani mvumo huo ni mdogo sana ukilinganishwa na mlio wa nyuzi, na kilichobaki hufunikwa na ngoma na besi. Gitaa hilohilo likipelekwa kwenye muziki wa metali, ambako distosheni, yaani mkwaruzo wa sauti iliyokuzwa kupita kiasi, hupandishwa karibu na mwisho, mvumo ule hugeuka ukuta wa sauti unaojaza kila nafasi kati ya noti. Wengi hukimbilia kununua pedali ya kuzuia kelele. Mimi huiacha iwe hatua ya mwisho, na sababu yangu iko katika jinsi geini, yaani ukuzaji wa ishara ya gitaa, inavyofanya kazi.

Ukiongeza geini kwa desibeli 40, umezidisha volteji ya kila kinachoingia mara 100, kiwe noti au kelele. Tofauti ni kwamba noti ikishafika kwenye dari ya amplifaya hukatwa kilele na haiwezi kupanda zaidi, hali kelele, ambayo ilikuwa chini kabisa, bado ina nafasi kubwa ya kukua. Kwa hiyo kila unapoongeza geini unaipandisha kelele kuikaribia noti, na kinachoponya hali hiyo ni kupunguza kelele inayoingia mwanzoni.

Kipimo cha kwanza hakigharimu chochote. Weka sauti ya amplifaya kama utakavyorekodi, kisha zungusha kinobu cha sauti kwenye gitaa hadi sifuri. Kelele ikizimika, inatoka kwenye gitaa lenyewe, yaani pikapu (kinasa kilicho chini ya nyuzi) na nyaya zake za ndani. Ikibaki vilevile, itafute kwenye kebo, pedali, chaja au kompyuta. Nashangaa jinsi watu wanavyofungua gitaa na kuanza kuunga nyaya upya kabla ya kufanya jambo hili la sekunde chache.

Tuseme imezimika. Pikapu ya koili moja, kama zilizomo kwenye magitaa mengi ya aina ya Stratocaster, ni waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara kwenye sumaku, na hunasa uga wa sumaku unaotoka kwenye nyaya za umeme wa nyumbani, ambao kwetu hupiga kwa hezi 50. Mwaka 1955 Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliomba hataza ya pikapu yenye koili mbili zilizozungushwa kinyume, sumaku zake nazo zikielekezwa kinyume: mvumo hufika kwenye koili hizo ukiwa na alama tofauti na kujifuta, huku mlio wa nyuzi ukijumlishwa. Kwa distosheni nzito, pikapu ya aina hiyo ndiyo suluhisho la maana kuliko yote. Asiyekuwa nayo ajaribu nafasi ya pili na ya nne kwenye swichi ya Stratocaster, kwa kuwa kwenye magitaa mengi ya siku hizi pikapu ya kati imezungushwa kinyume na nyingine.

Mwelekeo nao una nguvu kuliko inavyodhaniwa. Keti kwenye kiti kinachozunguka, fungua distosheni, ziba nyuzi kwa kiganja, kisha jizungushe polepole: utasikia mvumo ukipanda, ukishuka, na mahali fulani ukikaribia kutoweka. Rekodi ukiwa umeelekea hapo, mbali na chaja na transfoma, na uzime taa yenye swichi ya kupunguza mwanga, kwa maana hiyo hutoa mlio mkali ambao hata karatasi ya shaba iliyobandikwa ndani ya gitaa na kuunganishwa na ethi huweza isiuzuie wote.

Kelele ikibaki hata kinobu kikiwa sifuri, chomoa chaja ya kompyuta na urekodi kwa betri. Chaja nyingi zenye plagi isiyo na ethi huiacha kompyuta ikielea kiumeme, na ndiyo maana ukipitisha kidole kwenye mfuniko wake wa chuma huhisi mtetemo mdogo. Ikiwa mvumo unatokana na vifaa viwili vilivyofikia ethi kwa njia tofauti, chomeka vyote kwenye soketi moja ya ukutani, au tumia kisanduku chenye transfoma kati ya gitaa na kifaa kinachofuata. Kukata pini ya ethi ya plagi, dawa inayosambazwa sana mitandaoni, ni hatari ya kweli: amplifaya ikiharibika, nyuzi unazozishika ndizo zitakazobeba umeme.

Baada ya hayo ndipo geti la kelele, yaani ile pedali au programu ya kuzuia kelele inayofunga sauti ikishuka chini ya kiwango fulani, linapofaa, na mahali pake ni kabla ya distosheni, ambako tofauti kati ya noti na kelele bado ni kubwa. Kwenye programu ya amplifaya, liweke la kwanza kabisa. Pandisha kizingiti, yaani kiwango hicho, hadi mvumo uzimike nyuzi zikiwa zimezibwa, kisha shikilia noti moja ndefu. Ikikatika ghafla kabla ya kufa yenyewe, shusha kizingiti au refusha muda wa kufunga. Mapigo ya kukatakata yanataka geti linalofunga haraka; noti ndefu za solo zinataka lile lililo taratibu, kwa hiyo mimi hurekodi ishara safi ya gitaa pamoja na ile yenye distosheni, nipate kurekebisha geti baadaye kipande kwa kipande.

Geini yenyewe ipunguzwe. Kile kinachosikika kuwa chembamba ukiwa peke yako chumbani huwa kinene ukirekodi pigo lilelile mara mbili na kuliweka moja kushoto na jingine kulia. Mwisho, funga kitambaa kwenye nyuzi nyuma ya nati (kipande chenye mifereji ya nyuzi karibu na kichwa cha gitaa) na kwenye springi za daraja la tremolo, lile linaloyumbishwa kwa mkono, kwa sababu vipande hivyo huendelea kulia baada ya kila kituo, na geti halitavizima maadamu kwake ni noti kama noti nyingine.