Kabla ya Kusimulia, Usalama

Wengi wanaokuja kwangu kwa unasihi wakiwa na kiwewe, yaani jeraha la nafsi linaloachwa na tukio la kutisha, wameshaambiwa nyumbani kwamba yaliyopita si ndwele. Methali hiyo naiheshimu panapohusika ugomvi wa majirani, lakini kwa mtu aliyebakwa, aliyechomewa nyumba au aliyeshuhudia ndugu yake akiuawa, yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe, kwa sababu mwili wake bado haujasadiki kwamba yamepita. Mlango ukibamizwa na upepo, moyo unakwenda mbio, viganja vinatoa jasho na macho yanatafuta pa kutokea, hata kama ni miaka 10 tangu tukio. Huo si upungufu wa imani, ingawa wengi wameambiwa hivyo pia.

Ndiyo maana sianzi kwa kumtaka mtu anisimulie. Aliyeumizwa alinyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake, na mnasihi anayemshurutisha kusema, hata kwa nia njema, anamnyang'anya mara ya pili. Katika kikao cha kwanza namwachia achague kiti, namuuliza kama mlango ufungwe au ubaki wazi kidogo, namweleza nitaandika nini na nani atakayekisoma, kisha tunakubaliana ishara ya mkono ambayo akiitoa tunasimama papo hapo bila kuulizana sababu. Vikao kadhaa huenda vikaishia kwenye usingizi, pumzi na usalama wa nyumbani, kwani ni vigumu mno kutibu kumbukumbu za mtu ambaye jioni anarudi kulala chini ya paa moja na anayempiga.

Usalama ukishapatikana, njia ninayoithamini kuliko zote ni tiba ya masimulizi iliyobuniwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, kwa ajili ya watu waliopitia vita na mateso ya mfululizo. Kamba hutandazwa sakafuni, mwanzo wake ukiwa siku ya kuzaliwa, na mteja huweka maua penye mema na mawe penye mabaya, makubwa kwa madogo kadiri ya uzito wa tukio, huku kipande kinachobaki kikiachwa kimeviringwa kwa ajili ya maisha yajayo. Siku hiyo mawe hutajwa tu. Sipendi maua yaharakishwe, kwa maana bibi aliyemlea mtu, au mwalimu aliyemlipia ada, ana haki ya kukaa kwenye kamba hiyo kama walivyo waliomtesa. Vikao vinavyofuata husimulia maisha kwa mpangilio wa miaka, na jiwe likifikiwa mnasihi hupunguza mwendo: ulisikia nini, mwili ulihisi nini, na sasa hivi, ukiwa umekaa hapa, unahisi nini? Swali la mwisho ndilo linalolirudisha tukio kwenye mwaka wake na mahali pake. Mnasihi huliandika simulizi, hulisoma kwa sauti katika kikao kinachofuata ili mteja asahihishe, na mwishoni humkabidhi maandishi yote.

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, Wanyarwanda na Wasomali walipewa tiba hii na wakimbizi wenzao, ambao walikuwa wamepata mafunzo ya wiki 6, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa waliotibiwa walipata nafuu kubwa kuliko waliofuatiliwa tu bila tiba. Kwangu hiyo ni hoja nzito kwa wanaodhani kwamba tiba ya kiwewe ni ya wenye hospitali kubwa na lugha ya kigeni.

Kumpokea kila mtu ni sehemu ya usalama huohuo. Kiziwi anayeletwa na shemeji yake awe mkalimani hawezi kumtaja shemeji huyo ikiwa ndiye aliyemuumiza, kwa hiyo atafutwe mkalimani wa lugha ya alama asiye wa ukoo, anayebanwa na masharti yaleyale ya siri. Mwanamume aliyelawitiwa atanyamaza mwaka mzima akihisi kwamba mnasihi anamwona amepungua, na mama aliyekimbia kutoka Kivu, mashariki mwa Kongo, atakatisha maneno yake akisahihishwa Kiswahili cha kwao. Fomu yangu ya mwanzo, kabla ya kuuliza shida ni nini, inauliza mtu huomba dua kwa lugha gani, na ni nani asiyependa ajue kwamba amekuja.