Siku tuliyomfuata muuzaji wa baiskeli Mwenge

Mwaka 2022 mpwa wangu, akiwa anaanza masomo Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alinitumia tangazo la baiskeli yenye breki za diski kwa shilingi 70,000. Kwa bei hiyo Dar es Salaam hupati hata magurudumu yake mawili yakiwa mazima. Nikamwambia atazame kilicho nyuma ya baiskeli kabla ya baiskeli yenyewe: ukuta wa matofali mekundu, na miti iliyopukutika majani yote. Akaipitisha picha kwenye utafutaji wa picha wa Google, na ileile ikatokea kwenye tangazo la Ulaya.

Kijana aliyekwishaipenda baiskeli hatosheki na hilo. Kwa hiyo tulimwomba muuzaji kitu kimoja tu: aandike jina la mpwa wangu na tarehe ya siku ile kwenye karatasi, aibandike kwenye pedali, apige picha. Mwenye baiskeli humaliza kazi hiyo kwa dakika mbili. Huyu alijibu kwamba yuko safarini Dodoma, baiskeli iko kwa mdogo wake, tutume 20,000 ya bodaboda na zilizobaki tutamalizana mzigo ukifika. Tukafungua menyu ya kutuma pesa, tukaingiza namba aliyotupa na kiasi, tukasubiri jina litokee, kisha tukaghairi kabla ya kuweka namba ya siri. Jina halikuwa lile alilojitambulisha nalo. Tulituma neno UTAPELI kwenda 15040, huduma ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, tukaiwasilisha namba ile. Naomba kila anayekutana na watu hawa afanye hivyo, kwa sababu laini ikifungwa wanaokolewa na wengine wanaoendelea kubembelezwa kwa namba hiyohiyo.

Tangazo la pili lilikuwa la baiskeli ya Kijapani, mtumba, gia sita, 180,000. Muuzaji huyu alituma picha yenye karatasi bila kusukumwa, na tulipoomba namba ya fremu akaituma pia. Tukapanga tukutane saa nne asubuhi Mwenge, kwenye kituo cha mafuta. Saa nilichagua mimi. Ufa wa fremu na namba iliyopigwa tupa havionekani vizuri usiku kwa tochi ya simu, na kwenye kituo cha mafuta daima kuna watu. Nilibeba futi kamba, uzi mgumu wa mita tatu na spana chache.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Naomba tuigeuze.”

Mara nyingi namba huwa imegongwa chini, pale inapopita ekseli ya krenki, yaani mikono ya pedali. Ilifanana na ile ya kwenye picha, herufi kwa herufi, na rangi iliyoizunguka ilikuwa kuukuu sawa na ya fremu nzima. Rangi mpya mahali hapo peke yake, au mikwaruzo ya tupa, ingetosha kutuondoa. Ukinunua mali ya wizi, mwenyewe akiitambua utaiacha, na fedha yako haina wa kuirudisha; tena kupokea kitu ukijua kimeibwa ni kosa la jinai. Juu ya bomba la kiti kulikuwa na stika ndogo yenye maandishi ya Kijapani, ikamtia mpwa wangu wasiwasi. Ule ni usajili wa kuzuia wizi ambao Japani iliufanya wa lazima mwaka 1994, na baiskeli nyingi za mtumba hushuka bandarini zikiwa nao bado.

Kisha fremu. Nilipitisha kidole chini ya maungio ya mabomba na bomba la usukani. Baiskeli iliyogonga kitu kwa mbele hujikunja hapo, na rangi huvimba au kupasuka hata kama foku, uma unaoshika gurudumu la mbele, imeshabadilishwa. Palikuwa laini. Uzi niliufunga kwenye ekseli ya nyuma upande wa kulia, nikauzungusha mbele ya bomba la usukani, nikaurudisha kushoto, halafu nikapima kutoka kwenye uzi hadi bomba la kiti pande zote mbili. Tofauti ilikuwa milimita moja, haina neno. Ikizidi tatu, mkia wa fremu umepinda, na utaisukuma baiskeli ukihangaika kuinyoosha njia.

Gurudumu la nyuma liliyumba kidogo kushoto na kulia. Hiyo ni kazi ya spoki, fundi huimaliza. Kinachotisha ni rimu inayorukaruka juu na chini, kwa sababu imebonyea na hairudi. Krenki niliisukuma kwa pembeni, haikucheza. Kiti kilipanda na kushuka. Karibu na bahari nguzo ya alumini hugandamana na bomba la chuma kwa chumvi, na kuing’oa kunaweza kuvunja fremu.

Tatizo lilikuwa cheni. Pini 24 za cheni mpya, ukihesabu kutoka pini ya kuanzia, hufika inchi 12 kamili. Ikifika 12 na 1/16 inabadilishwa. Ikifika 12 na 1/8, friwili, yaani meno ya nyuma yanayoshika cheni, nayo imekwisha, maana cheni iliyorefuka hula meno. Hii ilipita 1/8. Mpwa wangu alipoijaribu, akaacha kitambulisho chake kwa muuzaji, cheni ilikuwa ikiruka kila alipokanyaga kwa nguvu. Nilimwonyesha muuzaji futi kamba, na bei ikashuka hadi 150,000 bila maneno mengi. Kipimo kinashusha bei kuliko kulalamika.

Kwenye malipo muuzaji aliomba tutume kwa namba ya rafiki yake, kwa kuwa laini yake inadaiwa mkopo na fedha ingekatwa. Huenda ni kweli, lakini pesa ikienda kwa jina jingine, aliye mbele yako anaweza kukana kesho. Tulitoa taslimu kwa wakala aliyekuwa jirani, tukampa muuzaji mkononi baada ya kusaini hati ya mauziano yenye majina kamili, namba za vitambulisho na simu, namba ya fremu, rangi, bei na tarehe, nakala mbili.

Mchana uleule Kariakoo tulinunua friwili ya meno 14 hadi 28 na cheni ya upana wa inchi 3/32. Ya 1/8, ile ya baiskeli zisizo na gia, ingekwaruza meno ya jirani. Tairi nilimwonya kabla hajaenda dukani peke yake. Yake imeandikwa 26 x 1 3/8, kipenyo cha pale inapokaa kwenye rimu milimita 590, wakati tairi ya 26 ya baiskeli ya milimani ni 559. Zote huitwa inchi 26, na hakuna inayokaa kwenye rimu ya mwenzake.