Namba ya sweta: nilivyookoa mzigo wangu Sirari

Nauza sare za shule Makoroboi, katikati ya jiji la Mwanza. Sweta na fulana za kola nanunua kiwandani Kenya. Mzigo unaingilia Sirari, unapita Tarime, Bunda, Lamadi na Magu mpaka dukani. Desemba moja, wiki tatu kabla shule hazijafunguliwa, ulikwama mpakani. Haukuwa magendo wala bei ya uongo. Tatizo lilikuwa namba za HS, zile tarakimu zinazoieleza forodha kwamba bidhaa ni kitu gani.

Wenzangu sokoni walinituliza: nguo ni nguo, ushuru ni ule ule. Ni kweli nusu. Jedwali la pamoja la ushuru la Afrika Mashariki, lile lililoanza Julai 2022, limeziweka nguo kwenye daraja la asilimia 35, iwe sweta iwe shati. Lakini nguo iliyotengenezwa Kenya ikija na cheti cha uasili, karatasi inayothibitisha ilikotengenezwa, hailipi ushuru huo, na cheti kinataja namba. Namba ikisema kimoja na robota likasema kingine, msamaha wenyewe unatiliwa shaka. Nilipiga hesabu kwa mzigo wa milioni 10: ushuru milioni 3.5, na VAT ya asilimia 18, kwa kuwa inapigwa juu ya thamani pamoja na ushuru, inapanda kutoka milioni 1.8 hadi 2.43. Ningetoa milioni 4.13 zaidi. Faida yangu ya msimu mzima haifiki hapo.

Nikapanda basi kwenda Sirari. Cheti kilisema fulana zote ni 6109.10 na sweta 6110.20, na wakala wangu wa forodha alikuwa amenakili tu bila kufungua hata robota moja. Ofisa alilaza fulana mezani.

"Mama, hii ina kola na vifungo. 6109 ni zile zisizo na kola."

Akageuza lebo: poliesta 65, pamba 35. Kwenye sweta: akriliki tupu, wakati 6110.20 ni ya pamba. Nilimwomba anionyeshe maelezo ya sura ya 61 ya orodha ya namba hizo, ile ambayo namba zake zote zinaanza na 61, akanipa nikayasoma mpaka jioni.

Kilichonichanganya mwanzo ni lugha. Sisi neno letu ni moja, kufuma. Anayetengeneza kitambaa kwa mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana, anafuma, na marehemu mama yangu, aliyekaa barazani na sindano mbili na donge la uzi, naye alikuwa anafuma. Forodha inawatenganisha. Kazi ya mama, ambamo uzi unajikunja na kupenya kitanzi kilichotangulia, ni sura ya 61, na kroshia imo humo humo. Nguo ya nyuzi zinazopishana, kama shati jeupe la shule, iko sura ya 62. Nilivuta uzi kwenye ukingo wa sweta, ukafumuka kitanzi baada ya kitanzi. Hapo nikaelewa kuliko kwa maelezo yote niliyosoma.

Yaliyobaki yalihitaji subira. Nguo ya mchanganyiko inafuata uzi uliozidi kwa uzito, kwa hiyo fulana zangu ni za nyuzi za viwandani, si za pamba. Za wavulana ni 6105.20, za wasichana 6106.20. Unatofautisha kwa kifua: upande wa kushoto ukilalia wa kulia ni ya kiume, kinyume chake ni ya kike, na isiyotambulika inahesabiwa ya kike. Kisha vishono, yaani vile vitanzi vya uzi: kwa wastani visipungue 10 kwa kila sentimita, upande wa urefu na wa upana, la sivyo fulana inahamia 6110, kwenye kundi la sweta. Nilivihesabu kwa rula na kioo cha kukuza, kwenye eneo la sentimita 10 kwa 10, macho yakauma. Vilizidi 10 pande zote. Sweta, kwa kuwa akriliki nayo ni nyuzi za viwandani, ni 6110.30.

Nilipiga simu kiwandani nikawasomea namba moja moja pamoja na sababu yake. Wakaomba cheti kipya, wakala akarekebisha tamko, na siku ya 6 gari likatoka. Tangu hapo sitoi malipo ya awali kabla sijapata sampuli mkononi na lebo ya nyuzi. Naandika namba mwenyewe kwenye daftari, kiwanda kinathibitisha, ndipo cheti kinaombwa.

Mwezi uliopita wameniletea sampuli za sweta za chekechea, wameziandikia 6111, namba ya nguo za watoto wachanga. Namba hiyo inaishia kwa mtoto mwenye kimo cha sentimita 86. Nilimpima mjukuu wangu wa miaka 4 ukutani, ana 101. Nimewarudishia karatasi wabadilishe iwe 6110.30.